Usipite Wamunyu Ukiwa Umelala

Matatu ya Machakos kwenda Kitui ikishapita Masii, nusu ya abiria huwa wamelala. Vichwa vinagonga vioo, mdomo wazi, simu imeponyoka mkononi. Amkeni, jamani! Mbele kidogo ni Wamunyu, kijiji cha mwishomwisho upande wa Machakos kabla barabara haijateremkia Mto Athi na kuingia kaunti ya Kitui. Ukikitazama kupitia dirisha la gari, utaona maduka ya kando ya barabara, bodaboda zinazosubiri wateja na mbuzi wanaovuka kwa raha zao, nawe utasema hiki ni kituo kama vituo vingine vya Ukambani. Hapo utakuwa umekosea sana.

Kama nyumbani kwako kuna twiga wa mti, kijiko cha saladi chenye kichwa cha swara, au Mmasai mwenye mkuki anayelinda televisheni, basi tayari una jamaa zako Wamunyu, hata kama hamjawahi kuamkiana. Nimeyapanga mambo manane yanayonifanya nikipende kijiji hiki na nchi inayokizunguka, kuanzia la nane nikishuka hadi la kwanza. Anayeupinga mpangilio wangu aje tubishane huko huko. Kivuli kipo, na chai haitakosekana.

8. Mpaka usiodai pasipoti

Hapa mpaka ni maji. Huku Machakos, ng'ambo Kitui, na kila upande una gavana wake tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013 chini ya Katiba ya 2010. Lugha ni Kikamba huku na huko, ila lafudhi zinatofautiana, na utani ndipo unapoanzia. Mtu wa Machakos atakwambia kwamba jirani yake wa Kitui haongei, anaimba. Wa Kitui naye atajibu kwamba wa Machakos anameza nusu ya kila neno kwa haraka ya kuwahi Nairobi. Kisha wote wawili wataulizana habari za shemeji, maana wameoleana tangu zamani na hakuna harusi ambayo mto uliwahi kuizuia.

Mto wenyewe una safari yake. Athi unaanzia nyanda za karibu na Nairobi, unauzunguka mlima wa Kilimambogo, unapita hapa, unaingia Tsavo na huko unapata jina la Galana, na unafika baharini karibu na Malindi ukiitwa Sabaki. Msafiri mwenye majina matatu na nauli hajawahi kulipa. Ng'ambo yake umelala uwanda wa Yatta, ambao ni lava iliyotiririka kwenye bonde la kale takriban kilomita 300, mojawapo ya mitiririko mirefu zaidi ya lava duniani. Watu hulipa tiketi ya ndege kwenda Iceland kutazama mawe ya volkano. Wewe umelipa nauli ya matatu, halafu ukalala!

7. Muthokoi

Mahindi makavu hunyunyiziwa maji kidogo, yakatwangwa kwenye kinu mpaka ganda la nje litoke, yakapepetwa na kuanikwa. Baadaye huchemshwa pamoja na maharagwe, mbaazi au ndengu, kwa moto wa taratibu, na mwenye papara hafai kukaa karibu na sufuria. Punje inavimba, inalainika, inakuwa nyeupe, na tumbo linanyamaza mpaka jioni.

Yasipokobolewa, mahindi hayo na maharagwe huitwa isyo. Mgeni akiita isyo kwa jina la Kikikuyu, githeri, mama wa Kikamba hatamgombeza. Atamwongezea sahani ya pili ili mdomo wake upate kazi nyingine.

Ndengu na mbaazi si mapambo ya sahani hapa. Hii ni nchi kame, na mvua inayotegemewa zaidi ni ile ya vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Ya Machi mara nyingi huja kwa mapozi, na mwaka mwingine haiji kabisa. Mmea unaostahimili ukavu ndio unaolipa karo ya shule.

6. Gitaa la Kilimambogo

Kwa kifupi, maana nyimbo husikilizwa, hazisimuliwi. Kakai Kilonzo na bendi yake ya Kilimambogo Brothers walipiga muziki wa benga kwa Kikamba na kwa Kiswahili katika miaka ya 1970 na 1980, wakasikika mbali sana na Ukambani. Kakai alifariki mwaka 1987, na hadi leo gitaa lake linaendesha magari ya njia hii pamoja na dereva. Ukiona bibi wa miaka sabini anatikisa bega kwenye kiti cha nyuma, usimsemeshe mpaka wimbo uishe. Heshima ni heshima.

5. Vilima vilivyokataa kufa

Miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliitazama Machakos wakakata tamaa. Udongo ulikuwa unachukuliwa na maji, makorongo yanapanuka, na wao wakaamua kwamba kosa ni la ng'ombe kuwa wengi. Mwaka 1938 wakaanza kuwachukua kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya kutupa. Wakamba hawakukaa kulia. Maelfu waliondoka kwenda Nairobi, wanaume kwa wanawake, wakapiga kambi huko wakitaka kumwona gavana wa kikoloni. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa kifungoni Lamu, lakini kabla mwaka haujaisha serikali ilikuwa imelegeza kamba na ng'ombe wakaachwa. Leo mtaa wenye jina lake uko katikati ya Nairobi, na wengi wanaoupita mbiombio kutafuta nguo za bei nafuu hawajui kwamba wanakanyaga jina la mtu aliyetetea zizi.

Kilichofuata kinanifurahisha zaidi. Watu walijenga matuta kwenye miteremko, wengi wao kwa mtindo wa fanya juu: unachimba mtaro kwa kufuata usawa wa kilima, udongo unautupa upande wa juu, unapanda majani kwenye ukingo ili uushike, na baada ya misimu kadhaa shamba lenyewe linajilaza tambarare. Kazi ilifanywa na vikundi vya mwethya, ambavyo hukusanyika leo kwako na kesho kwangu, na katika vikundi hivyo wanawake ndio waliokuwa uti wa mgongo. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuhusu mageuzi hayo, nacho kikazua mjadala mkubwa kati ya wataalamu wa maendeleo. Watu wa wilaya ya Machakos ya wakati huo walikuwa wameongezeka kutoka kama 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989, na bado udongo ulikuwa umehifadhiwa vizuri kuliko zamani.

Wataalamu walitabiri jangwa, mama wa mwethya akatabiri mahindi. Aliyepatia unamjua.

4. Kiondo kisichoshiba

Kiondo cha Mkamba husukwa kwa nyuzi za katani, na zamani za mbuyu, na msukaji hahitaji meza wala kiwanda. Utamwona mama anatembea kwenda sokoni, anaongea na shoga yake, anamkemea mtoto aliye mbele, na wakati wote huo vidole vinasuka bila yeye kuvitazama. Mimi nikijaribu kutembea huku nikiandika ujumbe kwenye simu, naingia mtaroni.

Kilipopendwa Ulaya na Marekani, viwanda vya Asia vikaanza kutoa viondo vya mashine, vikawa vingi na vya bei ya chini. Tofauti utaijua ukikitia viazi. Cha mashine kinaomba msamaha. Cha mama kinauliza, "Ni hivi tu?"

3. Kivuli cha mafundi

Sasa tunakaribia kitovu cha kijiji, na hapa naomba tukae kidogo.

Warsha ya mchongaji wa Wamunyu ni kivuli. Mti mmoja, au kibanda cha mabati na magunia, na chini yake wanaume wameketi mavumbini, miguu imenyooka mbele. Gogo linabanwa kwa nyayo. Kifaa kikuu ni tezo, ambayo wenyewe huiita ngomo: mpini mfupi na ubapa wa chuma uliopinda kuelekea kwa mwenye kuushika. Fundi anaupiga kuelekea mwilini mwake, haraka haraka, hatua ndogo kutoka kwenye vidole vyake mwenyewe. Mgeni anafumba macho. Fundi anaendelea kukuuliza habari za Nairobi.

Mtazame anavyomtoa twiga. Kwanza panga linagawa gogo na kuondoa gamba. Kisha tezo inakata pande kubwa, mpaka unaona bega, mgongo unaoteremka, na shingo ambayo bado ni nene kuliko inavyostahili. Hakuna mchoro, hakuna rula. Kipimo kiko machoni. Nafasi iliyo kati ya miguu ndiyo ngumu, kwa sababu hapo mti unapasuka upesi, na fundi aliyekuwa anapiga soga hunyamaza ghafla. Ukiona kimya, jua twiga anapata miguu. Baadaye kisu kidogo kinatengeneza masikio na vipembe, patasi inasafisha panapobana, na kazi inakabidhiwa kwa msasa, mkali kwanza halafu laini. Mara nyingi wanaosugua ni watu wengine kabisa, vijana au wanawake wa familia, maana kusugua ni kazi ya saa nyingi na bila kusugua hakuna mnunuzi. Mwisho ni madoa, kisha rangi ya viatu au nta, na kitambaa mpaka mbao ing'ae.

Kila fundi ana mnyama wake. Wa faru ni wa faru, wa kiboko ni wa kiboko, na wa vijiko utamkuta na rundo la vijiko pembeni, vyote ndugu wa tumbo moja. Mwambie mtu wa faru akuchongee swara, uone atakavyokutazama! Atakuchongea, lakini swara huyo atakuwa na kiuno cha faru.

Watoto wanajifunza kwa kukaa karibu. Anapewa kipande kilichobaki, anapewa kisu kisichokata sana, anatengeneza kitu ambacho yeye anakiita simba na babake anakiita mbwa. Mwaka unaofuata kinakuwa simba kweli.

Kando ya barabara ushirika wa wachongaji wa Wamunyu una ukumbi wake wa kuuzia, rafu kwa rafu, na hapo ndipo msafiri wa Kitui angepaswa kushuka. Bei ya fundi na bei ya duka la hotelini ni watu wawili wasiojuana.

2. Mti wenyewe

Uzuri wa kazi hii una deni, na deni linalipwa na msitu. Mbao zilizopendwa zaidi zamani zilikuwa muhuhu na mpingo. Muhuhu ni mzito, unanukia, unashika mchongo mdogo mdogo bila kumeguka. Mpingo ni mweusi ndani, mgumu kiasi cha kuitoa tezo jasho, na ni mti huo huo ambao Ulaya hutengenezewa klarineti. Gogo moja lingeweza kwenda Vienna kupiga Mozart, au kubaki Ukambani na kuwa faru. Mimi nampendelea faru.

Lakini miti hii hukua polepole mno. Mtu anaupanda, mjukuu wake anauchonga. Wachongaji walipoongezeka, magogo ya karibu yakaisha, na yale ya mbali yakaanza kuja kwa malori, kila mwaka kutoka mbali zaidi. Katika miaka ya 1990 na 2000 mashirika ya uhifadhi, miongoni mwao WWF na Bustani za Kew za Uingereza, yalihimiza wachongaji wageukie miti inayokua upesi mashambani: mwarobaini wa pwani, jakaranda, mwembe. Baadhi ya wazee walinuna. Jakaranda ni laini na nyeupe, haina hadhi mpaka ipakwe rangi. Mwarobaini nao unapasuka ukiharakishwa kukauka. Ila mwarobaini una uzito mzuri na rangi ya kahawia inayovutia, na mdudu anayetoboa mbao akiuonja hataki kurudi.

Nasema wazi kwamba naunga mkono jakaranda na ndugu zake. Fundi mzuri atakitoa kinyago kwenye mti wowote, na mnunuzi anayeng'ang'ania mpingo kwa sababu tu ni mpingo angefaa kwanza kupanda mmoja na kuungojea.

1. Mutisya wa Munge

Namba moja ni mtu.

Wakamba walikuwa mafundi kabla ya kinyago cha kwanza cha kuuza. Walichonga vigoda vya wazee vya miguu mitatu na kuvipamba kwa nyaya nyembamba za shaba zilizozamishwa kwenye mbao, walifua mikufu, walitengeneza mishale iliyoogopwa hadi pwani. Misafara yao ya pembe za ndovu ilifika Mombasa, na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, ndiye aliyekuwa mwenyeji wa mmisionari Krapf mwaka 1849, safari ambamo Krapf aliuona Mlima Kenya. Kwa hiyo mkono ulikuwepo, na njia ya biashara ilikuwepo.

Mutisya Munge alikuwa mwana wa Wamunyu mwenye mkono huo. Vita Kuu ya Kwanza ilipoingia Afrika Mashariki, naye alichukuliwa, akafika kusini, katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Huko aliwakuta watu wanaochonga sanamu za mti. Wengine husema walikuwa Wamakonde, wengine Wazaramo, na wanaobishana juu ya jambo hilo hawana dalili ya kuchoka. Vita ile iliwaua wapagazi kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Waliopona walirudi na makovu. Yeye alirudi pia na ujuzi.

Angeweza kuufungia ndani. Mtu mmoja mwenye kazi ambayo hakuna mwingine anayeijua, na wanunuzi Wazungu wanaotaka kumbukumbu ya Afrika: huyo ni tajiri wa kijiji mpaka kufa. Lakini kazi ikapita kwa jamaa, kutoka kwa jamaa ikafika kwa majirani, na kijiji kizima kikashika tezo. Vita vya pili vikaleta askari wa Kiingereza wenye mishahara na hamu ya kupeleka zawadi kwao, na soko likafura. Mwaka 1958 mwanauchumi Walter Elkan aliandika kuhusu biashara ya vinyago ya Afrika Mashariki, na hadithi yake ikabidi ianzie kwa Mutisya. Hebu fikiria: biashara iliyokuwa imeshavuka bahari, chanzo chake mtu mmoja wa kijiji cha kando ya Athi.

Wachongaji wakasambaa. Walikwenda Nairobi wakakaa Gikomba, wakafika Malindi na Nanyuki, na Mombasa wakaunda ushirika mwaka 1963, ule wa Changamwe ambao watalii hupelekwa kwa mabasi kutazama mafundi kazini. Kila mahali utamkuta mtu aliyezaliwa Wamunyu au aliyefundishwa na aliyezaliwa Wamunyu.

Kitu kimoja kinaniuma. Vinyago hivyo husafiri dunia nzima bila jina. Mchoraji akipaka rangi turubai, anatia sahihi pembeni. Fundi wa Wamunyu anachonga twiga asiye na kasoro na chini ya kwato zake hakuna kitu, au kuna neno Kenya peke yake, kana kwamba taifa zima lilishika tezo. Kwa hiyo ukishuka, ukishachagua, ukishavutana bei mpaka mkacheka, mpe fundi kalamu. Mwambie aandike jina lake chini, na mwaka. Wengine wataona haya kwanza. Wengine watakuandikia na jina la kijiji, la mbari na namba ya simu ili uwaletee wateja.

Na ukifika Mombasa ukaambiwa kwamba chimbuko la kazi hii liko Changamwe, usigombane na mtu. Mwambie kwa upole kwamba Changamwe ni tawi, shina liko Wamunyu, na kwamba matatu za Kitui husimama hapo kila siku kwa yeyote atakayekuwa macho.